Rauba, Sauti ya Vithoba

Kanuni ya kampuni ya sinema ilikuwa fupi, na ilisomwa kwa kila mchezaji kabla hajavishwa taji: anayecheza mungu hali nyama, hanywi pombe, havuti bidi, wala halali na mkewe, tangu picha inapoanza hadi inapokwisha. Anayecheza shetani hakuwekewa sharti lolote, na labda ndiyo sababu kazi ya shetani iligombewa sana hapa Kolhapur.

Rauba Sankpal aliishika kanuni hiyo kuliko mtu yeyote aliyewahi kusomewa, na kuliko aliyeitunga. Sharti la nyama alilishika hata baada ya kampuni kumwambia sasa basi. Alilivunja mara moja, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa na nyama vinywani.

Kabla ya hayo alikuwa muuza maziwa wa mtaa wa Shukrawar Peth, mwenye nyati wachache aliowaogesha kila adhuhuri katika ziwa la Rankala. Hakuwa na mtungi wa kubebea maziwa. Katika mji wetu mtu mwenye akili zake hanunui maziwa yaliyokwisha kukamuliwa, kwa sababu maji ya mto Panchganga ni ya bure na kila muuzaji anajua njia ya kwenda mtoni. Nyati huletwa hadi mlangoni, mama wa nyumba husimama na chombo chake, na muuzaji hukamua mbele ya macho yake. Hatumwamini jirani kwa kikombe kimoja cha maziwa. Ni vizuri hilo likumbukwe.

Sauti ya Rauba ilikuwa nzito na ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kusema na mnyama ambaye akishtuka huzuia maziwa. Hakupiga kelele kama wenzake. Alisimama mwanzo wa uchochoro alfajiri, akasema, "Leta chombo, mama," na wanawake wa nyumba ya mwisho wakaamka. Siku za Jumapili alikula nyama ya mbuzi kwa mchuzi mwekundu na mkate wa mtama, kama kila mwanamume wa mtaa ule. Alikuwa na mke aliyeitwa Housabai na binti mmoja, Tara. Hakuwa na sifa nyingine, na hakuzitafuta.

Mwenye kampuni ya picha alikuwa Govindpant Kirtane. Mji wote ulimwita Pant. Kwa miaka mingi Pant alikuwa ametengeneza sinema bubu za miungu, na biashara ilikwenda vizuri. Mungu wa sinema bubu alikuwa taji na rangi ya uso. Mtu aliweza kucheza mungu asubuhi, na jioni akanunua samaki sokoni, asitambuliwe hata na aliyemwekea maua. Kisha kutoka Bombay zikaja picha zinazosema, na watu hawakutaka tena mungu anayefungua mdomo kama kambare. Pant akauza shamba la urithi, akanunua mashine ya kunasa sauti, akachagua kisa cha Jani.

Kisa chenyewe kila mtoto wa kwetu hukisikia kabla hajaota meno. Jani alikuwa yatima na mjakazi, akisagia nafaka nyumba nzima ya bwana wake huku akimwimbia Vithoba, mungu wa Pandharpur, anayesimama juu ya tofali mikono kiunoni akingoja waja wake. Alfajiri moja mikono ya Jani ilikataa. Vithoba akashuka kwenye tofali lake, akaja hadi jikoni, akakaa kwenye mawe ya kusagia na kusaga unga wote. Wanawake wamekiimba kisa hiki kwa karne nyingi wakiwa wanasaga. Wanaume wamekisikiliza wakiwa wamelala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukichukua kama agizo.

Kwa nafasi ya Vithoba, Pant alimleta mwigizaji wa jukwaani kutoka Pune, mtu mwenye jina na kifua. Mtu huyu alikuwa amefundishwa kufikisha sauti hadi benchi la nyuma kabisa. Aliposema, "Kaa, Jani, leo nasaga mimi," fundi wa sauti alivua vipokea sauti masikioni mwake.

"Pant, huyu mungu anamtisha mjakazi."

Wakajaribu tena, wakajaribu siku ya pili. Mwigizaji alisema hawezi kumnong'onezea mtu ambaye hajalipa kiingilio. Wakati wanabishana, nje ya ukuta mtu alikuwa akisema polepole, "Tulia mama, tulia, wageni wamekuja kukuona tu."

"Nani huyo?" fundi akauliza.

"Muuza maziwa. Anatuletea ya chai."

"Anasema na nani?"

"Na nyati wake."

"Basi mwiteni ndani. Nyati abaki."

Rauba akaingia na harufu yake ya zizi, akaambiwa aseme maneno yale. Aliyasema kama anavyomwambia nyati asogeze mguu. Fundi alifunga macho. Mwigizaji wa Pune aliondoka kwa treni ya jioni, akiulaani mji wetu, na kwa upande wake alikuwa na haki.

"Pant, mimi sijui kuigiza," Rauba alisema.

"Huigizi kitu. Unasimama juu ya tofali mikono kiunoni. Halafu unakaa, unasaga, unasema maneno kidogo, umemaliza."

"Kusaga nako sijui."

"Kwa nini hujui?"

"Ni kazi ya wanawake."

"Ndiyo maana ukaitwa muujiza," Pant akasema.

Kwa hiyo Housabai ndiye aliyemfundisha. Walikaa kila asubuhi pande mbili za mawe, magoti yakikaribiana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu waoane.

"Usiukamue huo mpini," Housabai alimwambia. "Uzungushe. Na mtama utie kiganja kiganja, si kama unamlisha nyati."

"Mkono unauma."

"Pole, baba Tara. Wangu hauumi, kwa sababu sijacheza picha." Akatia mtama. "Na picha ikiisha utaendelea kunisaidia?"

"Ikiisha picha mimi si mungu tena."

"Nilijua kuna hila."

Picha ilichukua miezi. Kipaza sauti kilifichwa ndani ya kitalu cha mrihani, na watu wawili waliajiriwa kufukuza kunguru. Rauba alipakwa rangi nyeusi mwili mzima, akavishwa taji la karatasi za dhahabu, akasimama juu ya tofali akiwa kimya kwa muda mrefu kuliko walivyoweza wachezaji wa kweli, kwa sababu kungoja ndiyo kazi aliyokuwa ameizoea. Alilala barazani. Jumapili harufu ya mchuzi ilipopita ukuta kutoka kwa majirani, alikwenda kukaa zizini mpaka wamalize kula.

Kulikuwa na tukio moja ambalo lazima nilieleze. Kabla ya kumsaidia Jani, Vithoba anamjaribu. Anakuja kama mpita njia mzee, na Jani, ambaye moyo wake umemtambua, anamwangukia miguuni. Mara tatu mzee anamwambia, "Mimi si yule unayemtafuta. Nenda kwa mwingine." Mara tatu Jani anang'ang'ania. Hapo ndipo taji linapoonekana na muujiza unapofanyika. Tukio hilo halimo katika nyimbo za wanawake. Pant alilitunga mwenyewe ili picha iwe ndefu.

Picha ilipotoka, watu walivuka mto kwa mikokoteni ya ng'ombe. Walivua makubadhi mlangoni mwa jumba la sinema kama wanaingia hekaluni, na mwenye jumba, mtu asiyekuwa na dini inayojulikana, akaanza kutoza ada ya kulinda makubadhi. Vithoba alipoonekana juu ya kitambaa, walisimama, wakapunga taa, wakapasua nazi sakafuni. Maji ya nazi yakawa yanatiririka hadi viti vya mbele, vilivyokuwa vya watu waheshimiwa.

Hakuna aliyemtambua Rauba kwa sura. Lakini asubuhi iliyofuata mjane mmoja wa uchochoro wetu alitoka na chombo, akasikia, "Leta chombo, mama," na chombo kikamwanguka.

"Ni yeye," akasema.

"Ni nani?"

"Kaka Rauba, sema: kaa, Jani."

"Mama, nyati anangoja."

"Mmesikia?" mjane akawaambia wenzake waliokuwa wakitoka. "Ni yeye hasa."

Tangu siku hiyo waligusa miguu yake kabla ya kuchukua maziwa. Wengine waligusa na ya nyati. Wanawake ambao kwa miaka walikuwa wamesimama nyuma ya mgongo wake wakihesabu kila tone, sasa waliinamisha kichwa na kufumba macho wakati anakamua. Angeweza kutia nusu maji na wangeshukuru. Hakutia hata tone moja, na kwa kuwa hakuna aliyetazama, hakuna aliyeujua uaminifu wake. Alipowaambia kwamba yeye ni Rauba, mwana wa fulani, na baba yake walimjua, walitabasamu. Walikuwa wamekwisha kuona picha. Walijua kwamba Vithoba hukana mara tatu.

Siku kanuni ilipokwisha, Housabai alipika mbuzi. Alianza tangu asubuhi, akakaanga pilipili mpaka mtaa mzima ukapiga chafya. Alimwekea mumewe sahani.

"Baba Tara, picha imekwisha. Pant mwenyewe amesema."

Rauba aliisogeza sahani kwa binti yake.

"Ni hao watu wa nje?" Housabai akauliza. Nje walikuwa wanapiga matoazi. "Unawaogopa hao? Wenyewe wananuka kitunguu cha mchuzi."

"Si wao."

"Ni nini basi?"

"Nimesimama juu ya lile tofali miezi mingi nikijifanya yeye. Nataka niende nikamwone aliyesimama kweli." Akamsogezea Tara na mkate. "Na kichwa changu ni chepesi siku hizi, mama Tara. Sijui nikuelezeje."

"Nami kichwa changu ni kizito. Nimekaanga pilipili tangu alfajiri." Lakini hakumlazimisha. Na kitanda, kwa ajili ya watu wanaopenda kujua mambo ya nyumba za watu, kilihamishwa kutoka barazani siku hiyohiyo.

Mwezi wa Ashadh, mvua zilipoanza, Rauba alitembea hadi Pandharpur na msafara wa mtaa wetu, katikati ya watu wanaoimba, akiwa amefunika kichwa kwa gunia. Huko hakuna aliyemjua. Alisukumwa kwenye foleni kama wengine, akaweka paji la uso miguuni pa sanamu kwa muda wa kupumua mara moja, akavutwa na walinzi. Alirudi ameng'aa. Kiongozi wa msafara, fundi cherehani mmoja mzee, alikuwa amemvisha shanga za mrihani. Shanga hizo si pambo. Anayezivaa ameapa kutokula nyama mpaka afe. Akila, katika msafara wetu huzivua na hatembei nasi tena, na hilo haliulizwi mara mbili. Rauba aliambiwa hayo mbele ya watu na akakubali mbele ya watu. Alikuwa amepata kitu kimoja katika maisha yake ambacho hakupewa kwa sababu ya sauti, na kila mwaka angekirudia.

Mvua zilikwisha na picha bado ilikuwa inaonyeshwa. Jumapili moja, adhuhuri, Rauba alikuwa anawarudisha nyati kutoka Rankala. Njia yake ilipita mbele ya jumba la sinema, na jirani na jumba ni hoteli ya Bandoba, ambako mchuzi mwekundu ni mzuri kuliko popote mjini. Hoteli ilikuwa imejaa. Hapo mkulima mmoja wa miwa kutoka ng'ambo ya mto, Dattoba Khot, alimsikia akimwita nyati, akaruka kutoka kwenye mkokoteni na kumshika miguu. Nyuma yake alikuwa mkewe Yamunabai, amempakata binti yao Anusuya, mtoto wa miaka sita hivi. Shingo ya mtoto ilikuwa imevimba na alipovuta pumzi alitoa mlio kama mlango mbovu.

Rauba alimfungua mtoto mdomo. Kila mzazi wa wakati ule aliujua ule utando wa kijivu kooni. Yeye alikuwa amemzika mdogo wake kwa ugonjwa huo.

"Mpeleke hospitali," akasema. "Sasa hivi. Ni pale, baada ya mnara wa saa."

"Sikuja kwa ajili ya hospitali," Dattoba akasema bila kuinua uso. "Nimeiona picha yako mara nne. Mguse tu."

"Mimi si yule unayemtafuta, ndugu yangu. Nenda kwa daktari."

Mara maneno yalipomtoka, Rauba aliyasikia mwenyewe. Dattoba aliinua uso uliojaa machozi na furaha.

"Moja," akasema.

"Moja ya nini? Mtoto anazibwa koo. Mimi nauza maziwa."

"Mbili."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Rauba alibadilisha njia. Alisimama wima, akaweka mikono kiunoni, jambo alilokuwa amejiapiza kutolifanya tena nje ya studio, akasema kwa sauti ile ya picha, "Basi mimi ndiye. Nakuamuru, mpeleke hospitali."

Dattoba alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyewekewa mtego wa kitoto. "Bwana wangu, unanipima. Jani naye uliwahi kumtuma kwa mwingine. Hakwenda."

"Nipe mtoto nimpeleke mwenyewe."

Yamunabai akarudi nyuma. "Mtoto wa dada yangu walimkata koo hospitali hiyo. Walimrudisha kwenye shuka. Watu wote wanasema wewe unaponya. Kama wewe huponyi, sema huponyi, tujue moja."

"Siponyi."

"Tatu," Dattoba akasema, akalaza paji la uso juu ya vidole vya Rauba, akangoja muujiza. Watu wakaanza kupiga matoazi. Mtoto alikuwa amegeuka rangi midomoni.

Rauba alichomoa miguu yake, akaingia hotelini kwa Bandoba. Wale waliokuwa wanakula walisimama kwa heshima, vidole vikichuruzika mchuzi.

"Bandoba, nipe sahani ya nyama."

Bandoba akaficha kijiko nyuma ya mgongo. "Sikuuzii."

"Jumapili ngapi umenishika mkono njiani ukiniambia niingie nile?"

"Wakati ule ulikuwa mtu, kaka Rauba. Usinitie dhambini."

Nyuma ya hoteli ile palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia meza moja kwa ajili ya mabwana ambao ukoo wao hauruhusu wale nyama, na ambao kwa hiyo huila bila kuonekana. Rauba alivuta pazia. Pant alikuwa pale, ameshika mfupa. Waliangaliana. Rauba hakusema lolote, wala siku hiyo wala baadaye, na nisingelijua hili kama Bandoba asingekuwa na mdomo. Alichukua bakuli la Pant, akarudisha pazia mahali pake vizuri, akatoka nalo barabarani.

Hakuzivua shanga. Wapo waliomwuliza baadaye kwa nini hakuzivua kwanza, na jibu lake lilikuwa kwamba Dattoba angehesabu nne. Alikaa chini mbele ya mkulima yule, akatia mkono, akala. Alitafuna nyama, akafyonza mfupa, na mchuzi mwekundu ukamshuka kidevuni hadi kwenye shanga. Waliokuwepo wanasema uso wake haukuwa na raha yoyote. Napenda kuamini hivyo, ingawa naujua mchuzi wa Bandoba.

"Tazama, Dattoba," akasema kinywa kikiwa kimejaa. "Vithoba anakula nyama? Mimi ni Rauba Sankpal. Walinilipa nikasema maneno. Koo la mtoto wako linaziba na mimi nakula."

Matoazi yalikoma. Dattoba alimtazama mpaka alipomeza. Kisha akavua kubadhi lake la mguu wa kulia, akampiga nalo usoni, na kubadhi la Kolhapur lina ngozi tatu chini. Hapo na wengine wakaja. Walitoka hotelini wakijipangusa midomo ya mafuta kwa mikono ya shati, wakampiga mtu kwa kosa la kula nyama. Mmoja aliwahi kumalizia kipande chake kwanza.

Ni Yamunabai aliyepaza sauti. "Mpigeni baadaye," akasema. "Nani anajua njia ya hospitali?"

Hakuna aliyemjibu, walikuwa na kazi. Rauba, akiwa chini kati ya miguu yao, alinyoosha mkono kuelekea mnara wa saa. Yamunabai alimfunika mtoto na kuanza kukimbia. Dattoba alibaki kidogo, kubadhi mkononi, kisha naye akamfuata mkewe, kwa kuwa sasa hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Anusuya alipona. Walimtoboa koo, wakamtia mrija, wakamdunga dawa, na baada ya wiki chache akarudi kijijini na sauti ya kukwaruza aliyokaa nayo maisha yake yote. Siku walipomtoa, Dattoba alipita kwanza kwenye jumba la sinema. Alinunua tiketi tatu, akavua makubadhi, na Vithoba alipotokea juu ya kitambaa na kusema, "Kaa, Jani, leo nasaga mimi," alipasua nazi tano na kumshukuru kwa kuokoa mtoto licha ya mchafu yule aliyemvunjia heshima. Sauti iliyopokea shukrani zake ilikuwa ya Rauba.

Hilo lilikuwa tatizo la Pant. Sura angeweza kuikana, lakini sauti ilikuwa imenaswa pamoja na picha na haikutoka. Jumatatu asubuhi, kesho yake ya kipigo kile, alituma mkokoteni wenye ngoma kuzunguka mitaa yote, na mpiga mbiu akatangaza kwamba mlafi mmoja wa nyama, aliyewahi kuazimwa na kampuni ili mwili wake usimame juu ya tofali, amefukuzwa, na kwamba sauti takatifu inayosikika katika picha ni ya bwana mmoja mcha mungu wa ukoo wa juu, ambaye kwa unyenyekevu hataki kutajwa. Nani wa kupinga? Rauba alijua jambo moja kuhusu Pant ambalo lingemaliza kampuni ile kwa siku moja. Alikamua nyati.

Alfajiri iliyofuata alisimama mwanzo wa uchochoro na kusema, "Leta chombo, mama." Mjane alisikiliza kutoka dirishani.

"Nilisema tangu mwanzo," akamwambia jirani yake. "Haifanani hata kidogo."

"Ya kwenye picha ni laini zaidi."

"Hii inanuka zizi."

Walinunua kwa mtu mwingine, na kwa mtu huyo walisimama tena na chombo wakihesabu kila tone. Rauba alihamishia biashara yake upande wa pili wa ziwa, ambako watu hawakuwa na tabia ya kwenda sinema, akauza nyati wawili, akaishi.

Fundi cherehani, kiongozi wa msafara, alikuja nyumbani kwake jioni moja. Alikuwa mtu mwema na hakupenda kazi ile.

"Rauba, najua kwa nini ulifanya."

"Ndiyo, baba."

"Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini. Lakini ulikula."

"Nilikula."

"Nikikusamehe wewe kwa sababu nzuri, kesho kila mtu atakuja na sababu nzuri. Watu wetu wana vipaji vya sababu."

"Sikukuomba, baba," Rauba akasema. Alizivua shanga mwenyewe, alizokuwa amezifua mpaka zikatakata, akazining'iniza kwenye mrihani ulioko uani, na ziko pale.

Wengi walitaka nimlaumu mzee yule, na sijamlaumu. Kanuni iliyovunjwa kwa wema imevunjwa. Rauba alilijua hilo alipotia mkono kwenye bakuli, na thamani ya alichofanya imo humo humo. Wanaostahili lawama ni wengi, na karibu wote walikuwa na mafuta vidoleni.

Housabai ndiye aliyechukua nafasi yake katika msafara. Mwaka wa kwanza alikataa, akasema hataki kwenda kumsalimia aliyemponza mumewe. Mwaka wa pili alikwenda, na akaendelea kwenda. Kila Ashadh, alipokuwa njiani, Tara na mjane wa jirani walisikia mawe yakizunguka alfajiri nyumbani kwa Rauba, polepole, kwa mkono wa mtu aliyejua kutia mtama kiganja kiganja. Alisaga mtama wake mwenyewe, na kabla Housabai hajaondoka alimsagia wa safari. Alikuwa mwanamume pekee wa Shukrawar Peth niliyemjua aliyesaga, na hakuimba.

Nyama hakuila tena, ingawa hakuna kiapo kilichomzuia. Pandharpur hakuiona tena mpaka alipokufa.